Kilometa Elfu Moja za Gari la Kina Mama

2 Desemba, Jumanne

Gari limefika. Lilikuja juu ya lori kutoka Mwanza, limefungwa minyororo matairi yote, na kwa kuwa lori lisingeweza kuingia Kanazi kwa matope haya, tulilipokea kando ya lami. Pikapu nyeupe ya dizeli, viti bado vimevaa nailoni. Hapa kwetu gari likiitwa jipya maana yake limeshachosha watu wengine huko nje, halafu linakuja kumalizikia kwetu. Hili ni jipya kweli. Hakuna makalio yaliyokikalia kile kiti kabla ya yangu.

Fundi aliyelileta aliuliza, "Dereva wenu yuko wapi?" Derick, shemeji yangu, anayeendesha gari la abiria kati ya Ngara mjini na Benaco, akanyoosha mkono apokee ufunguo. Mama Agripina, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kina mama, akaushusha mkono ule taratibu kama anavyoushusha mkono wa mtoto mezani.

"Dereva ni Speciosa," akasema.

Speciosa ndiye mimi. Udereva nilijifunza nikiwa kwenye shirika lililohudumia wakimbizi. Nikaendesha magari ya watu miaka mingi, kisha shirika likafunga virago, nami nikarudi kwenye migomba yangu. Lakini sijawahi kuanza na gari tangu likiwa na sifuri.

Fundi alinikalisha nyuma ya usukani akaniambia mambo ambayo nayaandika hapa nisije nikayasahau. Kwamba vyuma vya ndani ya injini mpya bado havijazoeana. Ringi za pistoni zinatakiwa zisuguane na silinda kidogo kidogo mpaka zikae mahali pake. Kwa hiyo, kwa kilometa elfu moja za kwanza, nisikimbize kupita themanini. Nisikae kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu, nipandishe na nishushe. Nisibebe zaidi ya nusu ya mzigo wala nisivute gari lingine. Mlimani nirudishe gia mapema, nisiiache injini inagugumia kwenye gia kubwa. Asubuhi niondoke polepole mpaka ipate joto. Na elfu moja ikitimia, nimwage oili yote, niweke nyingine.

"Ukiifanyia haraka sasa hivi," alisema, "itakunywa oili maisha yake yote."

Niyonsaba, katibu wetu, alikuwa ameegemea mlango. "Nusu ya mzigo?" akauliza. "Na maharage tunavuna mwezi huu?"

Fundi akacheka. Niyonsaba hakucheka.

3 Desemba, Jumatano

Nimeliendesha hadi Ngara mjini na kurudi. Watu walitoka milangoni. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka, sijui kwa nini.

7 Desemba, Jumapili

Baada ya misa Padri amelibariki gari. Alinyunyizia maji ya baraka mbele, nyuma, hadi matairi, na watoto wakajisogeza ili na wao wapate. Kisha akaniomba nifungue boneti akanyunyizia na huko. Mume wangu Nduwayo alinong'ona, "Angalia asiloweshe betri."

Wanaume walikuwa wamesimama kando ya ukuta wa kanisa, wanatazama. Nawaelewa. Kikundi cha wanaume cha mlima wa pili kilikuwa na gari, miaka michache iliyopita. Siku lilipofika walilijaza ndizi mpaka juu ya kichwa cha dereva, wakaimba nalo hadi Kahama. Oili hawakuigusa. Injini ilikaza kabla msimu haujaisha. Hadi leo lipo pale kwenye uwanja wa mmoja wao, kuku wanatagia ndani. Sasa wanasubiri kuona letu litachukua muda gani.

Mama Agripina alitukusanya kivulini. Yeye si mtu wa maneno mengi. "Likifa hili," alisema, "kina mama wa Kanazi hawatakabidhiwa tena hata baiskeli. Speciosa, umesikia?"

Nilisikia. Nikaenda kufunga boneti.

11 Desemba, Alhamisi

Safari ya kwanza ndefu, hadi Biharamulo, na mikungu michache tu nyuma. Niyonsaba alikuja nami kwa sababu yeye ndiye aliyetutafutia soko. Kuna shule ya bweni upande ule wa Biharamulo inayotaka maharage yetu kabla wanafunzi hawajafungua mwezi Januari. Soko hilo alilitafuta kwa miguu yake mwenyewe, shule kwa shule, kiangazi chote, na sikumbuki kama tulimshukuru.

Kwenye mteremko wa kutoka Ngara nilishuka kwa gia ya tatu, naiacha injini ijizuie yenyewe. Baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi ikatupita. Kijana alikuwa amelala juu ya ndizi zake, miguu imening'inia, breki yake ni soli ya kandambili. Akatupungia mkono.

"Tumepitwa na ndizi," akasema Niyonsaba.

Kwenye lami baada ya Benaco kila kitu kilitupita. Malori ya Rwanda, malori ya Burundi, mabasi. Mimi napanda hadi sabini, nashuka hamsini, napanda tena. Mtu wa nyuma angedhani nimelewa. Kufikia Nyakahura Niyonsaba alikuwa amekunja mikono.

"Hivi unajua shule itafungua lini?"

"Najua."

"Kwa mwendo huu watahitimu kabla hatujafika."

Nilitaka kumjibu vibaya, nikashusha mwendo hadi hamsini. Ni mwanamke mgumu. Kila kitu kwake ni lini na kiasi gani. Nilimwona kama mtu asiyeweza kupenda kitu kwa sababu tu ni kizuri. Mimi nilikuwa nasikia injini. Asubuhi ilikuwa na sauti kavu kidogo, kama mtu anayesafisha koo. Tulipokuwa tunarudi, kwenye mlima wa mwisho, ile sauti ilikuwa imepungua. Nilimwambia, "Sikiliza." Akasikiliza kweli, kisha akasema, "Nasikia njaa."

13 Desemba, Jumamosi

Mvua kutwa. Gari halikutoka.

15 Desemba, Jumatatu

Mvua. Nimekwenda zahanati na mgonjwa mmoja, nikarudi. Nduwayo anaamka kabla yangu siku hizi, anatoka nje na kikombe chake cha chai kusimama karibu nikiwasha. Anasema anapenda linavyoamka.

19 Desemba, Ijumaa

Soko la Kanazi. Derick aliegesha karibu yangu mbele ya watu wote.

"Shemeji, ufunguo nipe nusu saa tu. Nikufungulie hiyo injini."

"Kwani imefungwa?"

"Injini mpya inafunguliwa. Unaipeleka kasi mapema, inazoea kasi. Ukiilea hivi inakuwa mvivu, haitavuta kitu. Muulize dereva yeyote."

Wakacheka. Mmoja akauliza kama ni kweli tulipitwa na baiskeli. Niyonsaba lazima ndiye aliyesema, maana tulikuwa wawili.

Ukweli ni kwamba Derick anajua magari. Ameendesha barabara zetu hizi tangu ujana wake na hajawahi kuanguka. Nilirudi nyumbani nikiwa na mashaka. Nilipofika chini ya mlima wa kwetu, hakuna mtu anayeniona, nilitamani sana kukanyaga mafuta mpaka chini nione litafanya nini. Mguu ulikuwa tayari. Kisha nikarudisha gia, nikapanda kama siku zote.

25 Desemba, Alhamisi

Noeli. Kina mama walilipamba gari kwa maua na majani ya mgomba, nikawapeleka misa kwa zamu, wachache wachache. Mama Agripina alikaa mbele, amevaa miwani, akampungia mkono kila mtu njiani hadi Kanazi nzima ikaisha.

29 Desemba, Jumatatu

Naandika mikono ikiwa bado na udongo kwenye kucha.

Jana mchana wingu lilisimama juu ya bonde, jeusi, lina mpaka mweupe kwa chini. Nduwayo alisema, "Hilo lina mawe." Halikuchukua muda. Mvua ya mawe ilianguka kwa kishindo kiasi kwamba tulikuwa tunaongea kwa ishara ndani ya nyumba yetu wenyewe. Kisha upepo. Kisha tukasikia mtu anapiga yowe kutoka bondeni, na nikajua ni ghalani.

Ghala letu ni nyumba ya zamani kule chini, karibu na mashamba. Humo ndimo tulikuwa tumeweka maharage yote ya kikundi, yamekauka, yamepepetwa, yameshonwa kwenye magunia. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya upande mmoja mzima. Nilipofika na gari, maji yalikuwa yanamiminika ndani kama kwenye mfereji. Kina mama walikuwa wamefika kabla yangu, wanaburuta magunia kwenda upande wenye paa, lakini hata upande ule ulikuwa unavuja.

Mahali pakavu palikuwa kigangoni, kwenye kanisa dogo la juu mlimani. Kati yetu na kigango ni ile njia ya udongo mwekundu, ambayo ikilowa inateleza kama sabuni.

Nilipolirudisha gari kinyumenyume hadi mlangoni walianza kupakia. Nikahesabu kwa macho. Ilipofika nusu nikapiga kelele, "Basi! Inatosha!"

Niyonsaba alikuwa na gunia mgongoni, maji yanamtiririka usoni. "Inatosha nini? Nafasi ipo!"

"Inatosha kwa injini. Nitarudi."

"Speciosa, maharage yanaoza!"

"Nitarudi haraka."

"Wewe huendi haraka popote!"

Niliondoka akiwa bado anapiga kelele. Nilipanda kwa gia ya kwanza, matairi yanatafuta pa kushika, gari linakwenda pembeni kisha linarudi, na mshale wa joto nikiutazama kuliko njia. Kigangoni tulishusha. Nikarudi. Nusu tena. Safari ya tatu kina mama wengine waliacha kunisubiri, wakajitwisha magunia kichwani wakapanda kwa miguu, wawili wawili wakishikana viuno wasianguke. Nilipishana nao njiani. Hakuna aliyenitazama. Mama Agripina, mwenye umri ule, alikuwa amebeba karai la maharage yaliyomwagika.

Jioni mvua ilipokatika, magunia mengi yalikuwa kigangoni, salama. Mengine ya mwisho yalikuwa yamelowa hadi katikati. Tumeyamwaga juu ya maturubai leo, lakini jua halipo, na mengine yameshaanza kuvimba. Tutakula hayo au tutawapa nguruwe.

Niyonsaba alipita karibu yangu nikiwa nafuta matope kwenye taa. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na gari lenyewe, "Hongera. Umepona."

Nikaendelea kufuta taa ile ile.

31 Desemba, Jumatano

Kikao. Niyonsaba alisimama na kusema wazi anachotaka. Ufunguo apewe Derick, angalau mpaka maharage yafike shuleni. Hakunitukana. Alisema, "Mimi niliwaahidi wale watu mzigo kamili. Sasa nitapeleka pungufu, na sababu ni kwamba gari tulilonunua kwa ajili ya kubeba halitaki kubeba. Nitawaambiaje?"

Wengine walitikisa vichwa kumuunga mkono. Bonifasia, jirani yangu, ambaye mtoto wake nilimpeleka zahanati majuzi, naye alitikisa.

Niliposimama nilikuwa nimepanga maneno mengi kuhusu ringi na silinda. Yakapotea. Nilisema tu kwamba gari hili nataka litubebee maharage ya mwaka huu, na ya mwaka ujao, na ya wakati ambao mimi sitaweza tena kukanyaga klachi. Na kwamba kama wanataka ufunguo, huu hapa. Nikauweka mezani.

Ukakaa pale. Hakuna aliyeugusa. Nje mvua ilikuwa imeanza tena.

Mama Agripina ndiye aliyeuchukua. Aliugeuza mkononi. "Zimebaki kilometa ngapi?"

"Chache. Safari ya kwenda Biharamulo kumwaga oili itazimaliza."

"Basi atamaliza alichoanza," alisema. "Tukianza kubadilisha mikono sasa tutakuwa tumepoteza maharage na injini pia. Niyonsaba, utakwenda naye. Upeleke sampuli shuleni, uwaeleze ukweli kuhusu mvua. Kikao kimekwisha."

Akanirudishia ufunguo. Ulikuwa na joto la kiganja chake.

2 Januari, Ijumaa

Jua kidogo. Tumegeuza maharage. Niyonsaba ananisalimia kama mtu wa ofisini.

8 Januari, Alhamisi

Tuko Biharamulo, tumelala kwa binamu yake Niyonsaba. Yeye amelala tayari, kwa mara ya kwanza namwona akiwa hana haraka.

Tuliondoka Kanazi asubuhi, nyuma tukiwa na kigunia cha sampuli na mikungu miwili. Tulipita Lusahunga. Tuliingia sehemu ya msitu, barabara imenyooka, mvua imepita hapo punde na lami inatoa mvuke. Nilikuwa kwenye sabini. Mbele kidogo tukaona viatu barabarani. Viatu kwanza, kisha mabegi, kisha basi dogo limelala ubavu mtaroni, tairi moja la mbele limepasuka vipande.

Watu walikuwa wameshaanza kutoka kupitia dirishani. Wengine walikuwa wamekaa tu kwenye nyasi, wanatazama mikono yao. Niyonsaba alishuka kabla sijasimamisha vizuri. Alitupa mikungu yetu mtaroni kwa mkono mmoja, kigunia cha sampuli kwa mwingine, akaanza kupanga watu nyuma ya pikapu kama alivyopanga magunia siku ile. Huyu akae, huyu alale, wewe mshike huyu. Tulikuwa na mama mwenye mtoto aliyevunjika mkono, vijana wawili wenye damu nyingi kichwani, na mzee mmoja ambaye hakuweza kugeuza shingo. Gari lilijaa, likashuka nyuma mpaka matairi yakakaribia kugusa bodi. Waliobaki nje hawakuwa na majeraha makubwa, wakasema tuondoke, watasubiri gari lingine.

Niyonsaba alipanda nyuma, akapiga magoti, akashika kichwa cha yule mzee kwa viganja vyote viwili. Akapiga bodi mara mbili.

Nikakanyaga.

Sikufikiria chochote kuhusu ringi. Nilipeleka gia ya pili mpaka injini ikalia, ya tatu mpaka ikalia, ya nne. Mshale wa mwendo ulipita themanini, ukapita mia. Kwenye milima sikuachia mguu. Nilitazama mshale wa joto mara moja tu, ulikuwa katikati, sikuutazama tena. Malori yalinipisha. Moja lilikataa, nikalipita huku nikipiga honi. Kwenye kioo nilimwona Niyonsaba, kilemba kimepeperuka, amemwinamia mzee uso kwa uso, midomo yake inaongea. Sikujua anasema nini. Baadaye aliniambia alikuwa anamhesabia vijiji: tumepita hapa, tunakuja pale, baba, bado kidogo.

Na gari lilivuta. Naandika hili kwa sababu nataka likumbukwe. Lilivuta watu wote wale mlimani bila kutetemeka, bila moshi, kana kwamba lilikuwa linasubiri mtu aliulize.

Hospitalini walikuja na machela. Wote waliingia wakiwa hai. Mzee aliuliza jina la Niyonsaba, akaambiwa, akajaribu kuinamisha kichwa kushukuru, nesi akamkataza.

Tulipewa ndoo tukaosha damu kwenye bomba la nje. Injini ilikuwa imezimwa, vyuma vinalia tik, tik, vinapoa. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango. Niyonsaba akaja akakaa karibu yangu, nguo yote imelowa.

"Hukulihurumia," akasema.

"Sikulihurumia."

"Siku ya mvua nilidhani unalipenda gari kuliko sisi."

Akanipiga kidogo begani kwa bega lake. "Twende tukale. Sasa nina njaa kweli."

9 Januari, Ijumaa

Gereji ya Elick iko nyuma ya soko. Ni mtu wa makamo, ana miwani ya kusomea na anaweka redio ya mpira wakati wote. Nilimweleza kila kitu, pamoja na jana. Nilikuwa nasema kama mtu aliye mbele ya daktari.

Aliingia chini, akafungua nati, oili ikaanguka kwenye beseni, nyeusi kiasi. Niyonsaba na mimi tulichuchumaa pale kama tunasubiri mtoto azaliwe. Elick alichovya vidole, akavisugua, akatoka navyo juani. Vilikuwa vinang'aa kidogo, kama vumbi la fedha.

"Hicho ndicho chuma?" nikauliza.

"Ndicho. Huo ni unga wake. Injini yoyote mpya inautoa, ndiyo maana tunamwaga. Ningeona vipande, tungeongea mengine." Alipitisha tena vidole. "Hakuna vipande. Ringi zimekaa vizuri sana. Nani alikuwa anaendesha?"

"Huyu," akasema Niyonsaba kabla sijafungua mdomo. "Tulipitwa mpaka na baiskeli."

"Na safari ya jana?" nikauliza.

"Ilikuwa imeshapata joto, imeshatembea karibu kilometa zake zote. Kuvuta mara moja hivyo hakujaidhuru. Pengine hata kumesaidia ringi kukaa." Akanitazama juu ya miwani. "Ungeanza nayo hivyo siku ya kwanza, ningekuambia mengine."

Kisha nikamuuliza lile lililokuwa linanisumbua. Siku ya mvua, kwenye mlima wa matope, injini ikiwa changa, ningejaza mzigo, ingekufa?

Elick alifuta vidole kwa kitambaa. "Sijui, mama. Labda isingekufa. Labda ungegundua baada ya mwaka, inakula oili, inatoa moshi wa bluu. Labda isingekuwa na kitu chochote. Hakuna fundi atakayekuapia."

Nilimgeukia Niyonsaba. Nilitegemea uso wake ufunge tena. Alikuwa anakaza kifuniko cha dumu la oili mpya.

"Basi," akasema. "Maharage tunayo pungufu, injini tunayo nzima. Sampuli imebaki mtaroni, lakini tukipeleka mzigo, shuleni nitazungumza mimi."

14 Januari, Jumatano

Leo mzigo kamili.

Tulipakia kigangoni. Kila mama alitaka aweke gunia kwa mikono yake. Gari liliinama likatulia. Mama Agripina alikaa mbele, Niyonsaba katikati. Nilishuka mlima, nikapita bonde, nikaanza kupanda kuelekea Ngara mjini, na pale niliporudisha gia ya pili nilisikia sauti ambayo sijawahi kuisikia katika gari lolote nililoendesha kwa watu. Sauti nzito, iliyotulia, haina mkwaruzo. Inafanya kazi na haijichoshi.

Mama Agripina aliweka kiganja kwenye dashibodi, akakiacha pale mpaka juu kabisa. "Hili ni letu," alisema. Ndilo neno pekee alilosema hadi Benaco.

Shuleni, mtunza stoo ni dada mmoja mwembamba anayeitwa Tecla, anatoka Nyamigogo. Niyonsaba alimweleza mbele ya mkuu wa shule jinsi mvua ilivyotuharibia, hakuficha upungufu, wala hakulitaja jina langu. Mkuu alikubali tumalizie kwa mavuno ya masika. Tecla hakusikiliza hayo sana. Alikuwa anazunguka gari. Aliinama chini akatazama, akanusa bomba la moshi, akaniuliza, "Ni kweli mmeliendesha wenyewe tangu sifuri? Wanawake watupu?"

"Ni kweli."

"Shikamoo," akasema, ingawa hatupishani sana umri. Nikaitikia marahaba kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

2 Februari, Jumatatu

Tumepanda maharage ya masika. Gari linabeba mbolea, mbegu, wagonjwa, na jana bibi harusi.

21 Februari, Jumamosi

Niko Nyamigogo. Nimekuja kwa basi, abiria kama watu wengine, kwa sababu pikapu yetu iko Kanazi na safari hii haikuwa yake.

Wiki iliyopita Tecla alipiga simu. Kikundi chao cha kina mama nao wamepata gari, jipya kama letu, limeshuka kwenye lori siku chache kabla ya simu hiyo, na hakuna anayethubutu kulitoa uani. Wameomba niende niwaendeshee wiki za kwanza. Mama Agripina aliposikia alisema lazima niende. Niyonsaba alinifungia ndizi za kuivisha na kunipeleka hadi lami, akaniambia niwaambie ukweli wote, hadi maharage yaliyooza.

Kina mama wa hapa walikuwa wamekusanyika, wamenisubiri na chai. Waliponiletea ufunguo sikuupokea.

"Nani ana leseni kati yenu?" niliuliza.

Wakatazamana. Tecla akainua mkono nusu. Leseni yake ina wiki chache tu.

"Basi dereva ndiye huyo. Mimi nitakaa pembeni."

"Mama, nitaliharibu," alisema.

"Panda."

Alipanda. Alilizima mara mbili kwenye geti, kina mama wakapiga vigelegele kumtia moyo, na mara ya tatu likatoka. Barabarani lori lilikuja nyuma yetu likapiga honi, likapiga tena.

"Wanataka tuwahi," akasema Tecla, jasho linamtoka.

"Wapishe wapite."

Aliwapisha. Akapandisha mwendo, akashusha, akapandisha. Mbele yetu barabara ilianza kupanda, mlima mrefu wenye kona. Nilisikia injini inaanza kuelemewa, nikafungua mdomo nimwambie arudishe gia. Kabla sijasema alikanyaga klachi, akarudisha gia ya tatu, taratibu, bila mkwaruzo, na sauti ikatulia.

Nikafunga mdomo. Nikaiweka mikono yangu mapajani, nikageukia dirishani nisimwonyeshe uso wangu, nikatazama mashamba ya mihogo ya Nyamigogo yakipita polepole, polepole kabisa, hadi tulipofika juu.